Ukingo wa Nje

Usiku wa kuamkia shindano nilimnolea Oiva viatu mara mbili.
Mara ya kwanza hakuridhika.
Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma,
ukucha ukatoa unga mweupe, akatikisa kichwa:
"Cha kushoto kinanidanganya, Tyyne."

Miaka thelathini na mmoja nanoa chini ya majukwaa ya Kuopio,
katika chumba chenye harufu ya mafuta na soksi mbichi,
na bado wapo wanaodhani chuma kile ni kisu.
Si kisu. Katikati kina mfereji
mwembamba kama mstari wa kiganja,
na kila upande wa mfereji una ukingo wake, wa ndani na wa nje.
Anayekanyaga zote mbili huteleza tu, kama gunia.
Anayechagua mmoja akauegemea, huyo anaandika.

Nikakirudia cha kushoto. Cheche ziliniruka hadi kwenye kiwiko.
Baba yake, wa kiwanda cha karatasi, alisimama mlangoni
na chupa ya kahawa, kimya.
Sisi watu wa huku neno likihitajika
huongeza kahawa.

Kesho yake watu elfu nne, koti juu ya koti.
Kijana wa Turku alitangulia:
mizunguko minne hewani, mara tano,
na mara zote tano barafu ilimpokea kama mkwe.
Ukumbi ulitetemeka hadi kopo langu la misumari likaanguka.
Nikasema moyoni, basi, nikafungue duka la baiskeli.

Kisha Oiva. Shati la kijivu, hata kito kimoja hakuna.
Piano ikadondosha noti. Akangoja ipoe.

Akaanza taratibu, kama asiye na hofu,
magoti yana adabu, yakisalimu barafu,
akaruka bila tabu, akatua kama sufu,
hata wenye kuhesabu, kalamu zao hafifu.

Akajikunja mwilini, akageuka ni pia,
mikono i kifuani, kitu amekumbatia,
nikajiuliza: nini, hicho asichoachia?
Kisha, pale ukutani —

hakuruka.

Sote tulijua mruko wa mwisho ulikuwa hapo.
Kocha wake, Bi Sointu, alishika ubao kwa mikono miwili.
Yeye akasimama juu ya mguu wa kushoto,
ukingo wa nje,
mikono imeshuka kama ya mtu aliyetua mzigo,
akaiacha barafu impeleke.

Basi. Duara moja kubwa, ukumbi mzima,
polepole, mtu asiyefanya lolote,
na lolote hilo hakuna mwingine angeliweza.
Kwanza nilidhani amechoka.
Halafu nikakisikia chuma changu.
Katika watu elfu nne walioshika pumzi
nilikisikia, sauti moja nyembamba isiyopinda,
kama mtu anayechana kitambaa kizuri kwa makusudi.
Juu, safu ya tatu, baba yake alivua kofia.
Sijui kama alijua ameivua.

Majaji walichelewa. Tena walichelewa.
Tarakimu zilipotoka, alikuwa amemshinda wa Turku
kwa kitu kidogo kuliko pointi moja,
na wapo, mpaka leo, mjini hapa, wasioamkiana kwa ajili hiyo.

Wakati wa wimbo wa taifa mimi nilishuka uwanjani.
Reino alikuwa ameshawasha mashine ya kulainisha barafu.
Alama za miruko zilikuwa mashimo, kama kuku wamechakura.
Ule mstari ulipita katikati yake, mwembamba, mzima,
haukuwa na kigugumizi hata mahali pamoja.
Reino akatoa kichwa dirishani: "Nipite?"
Nilifikiri kidogo.
"Pita," nikasema.

Jumatatu Oiva alikuja na mfuko wake wa viatu,
medali sikuiona, mafua nayaona.
Akapitisha ukucha juu ya chuma, akasikiliza.
"Sasa," akasema, "ni cha kulia."